Pazia la Maua

Baba watoto,

Huku sote wazima, na cherehani yangu hailali. Miwani nimeshaiaga. Daktari wa macho kaniambia jicho langu si duara sawasawa, ndiyo maana kila mstari nilikuwa nauona na kivuli chake. Kanipa lenzi za kuvaa jichoni. Zina alama ndogo ambayo lazima ikae chini. Zikizunguka tu, ukungu unarudi. Siku hizi nazivaa bila hata kioo!

Jana nikaitazama tena ile picha uliyojipiga chumbani kwako. Lile pazia la maua nyuma yako, kumbe ni gauni. Tena begani limeshonwa ovyo. Mwambie mwenyewe asihangaike kulificha. Nakuja Jumamosi na sindano yangu.

Mkeo wa ndoa,
Fundi