Radi ya Bati

Sumbawanga mjini, 14 Novemba 2022

Dada Gaudiosa, shikamoo. Baba hajambo? Sisi tu wazima, ila baridi inatutafuna.

Filamu imetoka! Vibanda vya video vinajaa. Jamaa mmoja wa redio kaiita takataka, eti tochi yangu inaonekana pembeni. Acha ionekane! Mwenye fedha hununua radi. Sisi tunatikisa bati, tunamulika tochi, na watu wanaruka vitini. Ubunifu ni huo, wao wana mitambo tu. Na baba alivyoigiza mchawi, na yale manyoya ya kuku kichwani, akiinua fimbo radi ipige! Nani wa Dar atamfikia? Msalimie mchawi wangu.

Mdogo wako,
Eustace

Kaengesa, 20 Desemba 2022

Marahaba, mdogo wangu. Mimi mzima. Baba mwili mzima, moyo hapana.

Radi imeua ng'ombe wa jirani yetu Gaudensi. Vijana wana filamu yako kwenye simu, wanasema, "Si tulimwona mwenyewe akiinua fimbo?" Jana kwenye pombe ya ulezi kata ya kunywea ilizunguka, ilipomkaribia baba, ikarudi ilikotoka. Akacheka peke yake. Sikukipenda kicheko kile. Gaudensi anasema ikipiga tena, atajua pa kwenda. Njoo.

Dada yako,
Gaudiosa

Sumbawanga mjini, 27 Desemba 2022

Dada, shikamoo. Poleni sana.

Nakuja na bati, tochi na jenereta. Nitawaonyesha uwanjani, mchana kweupe, radi yetu ilivyopikwa. Lakini usiniambie niifute filamu. Waoga hawatatupangia cha kuigiza! Kosa la baba ni kuigiza vizuri?

Mdogo wako,
Eustace

Wampembe, 2 Februari 2023

Marahaba, Eustace. Tumefika salama kwa shangazi Angela. Samaki hatukosi.

Siku ile ulipowatikisia bati, uliondoka ukifurahi kwamba wamecheka. Hukumsikia Gaudensi: "Haya, hiyo ya bati. Iliyoua ng'ombe wangu je?" Wiki ile ile wakachoma ghala letu la mahindi. Baba akafunga shuka lake, tukaondoka.

Leo asubuhi kateremka ziwani kunawa uso. Watoto waliokuwa wakichota maji wametupa ndoo, wanakimbia: "Mwenye radi! Mwenye radi!" Filamu yako ilitutangulia, mdogo wangu. Hongera.

Baba hakukasirika. Anakuomba utengeneze nyingine upesi, na humo mchawi afe. Anataka watu wamwone akizikwa.

Dada yako,
Gaudiosa