Kutikisa Kikombe Uhispania

Mama, shikamoo, nakubusu mikono kutoka huku shamba Uhispania.

Mwenye nyumba ya wageni niliyofikia ni bibi mjane. Leo asubuhi alinimiminia kahawa, na nilipotosheka nikatikisa kikombe kama tufanyavyo Maskati. Wallahi akanijazia tena! Nikatikisa, akajaza. Cha tatu kikanishinda, nikamfahamisha kuwa kwetu kutikisa ni kusema basi. Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kwa Kiingereza chake cha kuokoteza akanambia mie ndiye mgeni wake wa kwanza tangu mumewe afariki.

Nikalikumbuka dele la kahawa la Baba, ulilolifungia kabatini siku tuliyomzika. Litoe, Mama. Jumapili nnarudi, na kikombe changu sikitikisi.

Zuwena wako