Samaki Niliyemnyima Igoki

Kibugu, Alhamisi. Mvua imekatika tangu asubuhi, lakini ukungu haujaondoka na matope yamefika mpaka mlangoni. Nina uchungu rohoni.

Samaki wetu wamekufa.

Mume wangu alichimba bwawa lile kabla serikali ya Wazungu haijatuhamishia kwa nguvu kijiji hiki cha handaki na lango. Alikuwa amefanya kazi kwenye mabwawa ya Mzungu mmoja, akarudi na mbegu ya samaki ndani ya debe. Watu walimcheka. Huku kwetu samaki ni ndugu yake nyoka, na chungu alimopikwa hakirudi jikoni. Mama mkwe wangu alicheka kuliko wote, kisha akanikataza kuwapikia wajukuu wake wadudu wa majini.

Siku askari walipomchukua mume wangu kizuizini, aliniambia nilitunze bwawa. Nikalitunza. Homu gadi, wenzetu waliopewa bunduki na serikali watulinde, wakitufungulia lango twende mashambani, mimi nilipitia bwawani kwanza, nikawatupia samaki majani ya viazi. Sikuvua hata mmoja. Nilitaka akirudi ayakute maji yamejaa, ajue mkewe si mzembe.

Kisha njaa ikaingia. Saa tunazopewa za kulima ni chache, na nyingine zote zinaliwa na kazi ya lazima. Tuliamriwa kufyeka mteremko mzima ulio juu ya bwawa, ili watu wa msituni wanaopigana na serikali wakose pa kujificha. Nilishika panga kama wengine. Niliuona udongo umebaki wazi na nikajua mvua itaupeleka wapi. Nikaendelea kufyeka.

Wiki iliyopita mama mkwe alikuja kwangu. Igoki, mjukuu wake yatima anayemlea, amevimba miguu na nywele zimegeuka nyekundu. Zahanatini walimwambia mtoto apewe maziwa, nyama au samaki. Ng'ombe tulishanyang'anywa. Alisimama mlangoni, hakutaka kuketi.

"Mama Nyaga, nipe mmoja tu," alisema. "Nitampika kwa chungu changu mwenyewe."

Nikamwambia samaki bado ni wadogo, asubiri mvua zipite wanenepe. Nilisema kwa adabu zote za mkaza mwana, lakini nilimnyima. Ukweli ni kwamba nilikikumbuka pia kile kicheko chake.

Alinishukuru akaenda zake.

Jana mvua ilinyesha usiku kucha. Leo lango lilipofunguliwa nilikimbia. Bwawa limekuwa uji mwekundu, samaki wameelea matumbo juu, na wachache waliobaki hai wanatafuta pumzi juu ya maji. Karibu wote ni wadogo kama kidole. Hapo ndipo nilipokumbuka maneno yote ya mume wangu: niwavue wakubwa mara kwa mara, kwa sababu wasipopunguzwa husongamana na kudumaa. Mimi nilishika la kutunza, nikasahau la kuvua. Hata wangengoja mvua ngapi, wasingenenepa.

Mama mkwe alinikuta nikilia. Alipandisha nguo yake akaingia matopeni, yeye ambaye hajawahi kugusa samaki maishani mwake, akaanza kuokota waliokuwa bado wanahema. Homu gadi akatupigia kelele, "Nyinyi mama, rudi! Saa imekwisha." Hakugeuka. Wengine aliwafunga kwenye leso yake, na wachache wenye nguvu tukawatia kwenye debe la maji safi.

Mchana nilikwenda jikoni kwake, samaki wakiwa wameiva. Igoki aliziba mdomo kwa mikono miwili, akasema nyanya yake aliwahi kumwambia samaki ni nyoka. Mama mkwe akamchukua samaki, akamtafuna yeye kwanza, miiba na yote, machozi yakimtoka.

"Ona, si nyoka," alimwambia. "Mimi ndiye niliyekudanganya."

Igoki akala nusu, akalala. Miguu bado imevimba. Siku zote hizi nilizomngojesha, siwezi kumrudishia.

Debe liko hapa karibu na miguu yangu, samaki wanazunguka ndani yake. Nilikuwa namwekea mume wangu hawa wawe mbegu. Kesho nitamchagulia Igoki yule mkubwa kuliko wote, kabla sijaanza kufikiria mbegu.

Mama mkwe ameweza kukiri mbele ya mtoto. Mimi kesho nikimpa Igoki samaki huyo mkononi, nitaweza kumwambia kwa nini sikumpa wiki iliyopita?