Kiboksi Chini ya Kiti cha Veljko

Bukovica,
Leskovac, Serbia.
9 Oktoba 2019

Mpendwa kaka Miodrag,

Pokea salamu kutoka nyumbani. U hali gani huko Linz, na miguu ya mama yako, shangazi Rumena, inaendeleaje? Sisi tu wazima. Baba anakohoa asubuhi tu. Bibi Stamena ana nguvu zake. Wiki hii anachoma pilipili uani, na kila nguo niliyo nayo inanuka moshi.

Mimi nimerudi chuoni Niš, naenda na kurudi kwa basi. Nahudhuria masomo, naandika kila kitu, kisha nikifungua daftari naona mwandiko wangu kama wa mtu mwingine. Usinihurumie, hainiumi. Ndivyo nilivyo tangu Februari tulipomzika kaka yangu Veljko: nakula, nalala, najibu nikiulizwa.

Nyumba bado haina muziki mpaka mwaka wa msiba uishe. Redio ya jikoni Bibi ameifunika kwa kitambaa cha mkate.

Sasa lile la kiboksi, ile spika ya gari uliyomletea Veljko. Kwenye kadi yako ya Pasaka uliandika mstari mmoja chini kabisa: kile kiboksi cha besi kitupeni. Hukumtaja Veljko, wala hujapiga simu tangu hapo. Najua sababu. Nilikuwepo jikoni Januari alipokupigia na kukufokea: "Miodrag, umeniletea kopo la dagaa! Hata likipiga chafya halisikiki!" Nikakusikia na wewe: "Basi jinunulie mwenyewe, fundi mkubwa wewe!" Akakata simu. Wiki tatu baadaye moyo wake ulisimama akiwa kazini, na hamkuwa mmesemeshana tena.

Jumamosi Baba aliniambia nikitoe garini, maana anataka kupakia magunia ya pilipili mbele. Unalijua gari lenyewe: buti lote limeliwa na mtungi wa gesi ya injini, nyuma ni kreti za soko. Ndiyo maana ulimtafutia kitu chembamba cha kukaa chini ya kiti cha abiria. Hata hapo hakikuenea; Veljko alikiinua kiti kwa vipande vinne vya mpini wa jembe. Nilipovifungua niliona amevipiga msasa pande zote, hata zisizoonekana.

Kiboksi kinachukua sauti kwenye nyaya za spika za milangoni, na waya uliokuja nacho ulikuwa mfupi. Veljko akauunga kwa waya wa kengele ya mlango, ule ambao nyaya zake zote mbili ni nyeupe. Ili asizichanganye, alifunga uzi mwekundu wa Bibi wa kufumia kwenye waya mmoja, huku mwanzo na kule mwisho. Niliufuata kwa vidole chini ya zulia. Uzi wa mbele ulikuwa kwenye waya mmoja, wa nyuma kwenye mwingine.

Ni hilo tu, kaka. Chanya na hasi zilipishana. Spika za milangoni zilisukuma hewa, kiboksi kikaivuta, besi ikamezwa katikati.

Nilizibadilisha. Wimbo sikuweza kupiga, kwa hiyo nilitumia simu kutoa mlio mmoja mzito, usiopanda wala kushuka. Bibi akaja mbio na koleo mkononi.

"Neda! Mwaka haujaisha, wewe mtoto!"

"Si muziki, Bibi. Ni mlio tu, kama wa friji."

"Friji ya nani hiyo inayotikisa madirisha?"

Lakini hakunikataza. Alijifuta mikono kwenye aproni, akaingia, akakaa kiti cha abiria, koleo mapajani. Alikaa hapo muda mrefu, macho yakitazama mbele kama tunasafiri. Mimi sikulia. Niliutazama mkono wangu juu ya usukani kama mkono wa jirani.

"Zima," akasema mwishowe. Kisha: "Kwa hiyo mtoto wa Rumena hakutuletea takataka."

"Hapana, Bibi."

"Na anajua?"

"Hajui."

"Sasa unangoja nini? Mwandikie."

Ndiyo nimekuandikia. Veljko alikosea waya, wewe hukukosea kitu. Angelijua hilo angekupigia siku hiyo hiyo, akucheke wewe kwanza ili asijicheke mwenyewe. Unamjua.

Kiboksi sikukitoa. Magunia ya Baba yatakaa juu ya kiti.

Tarehe nane Februari, mwaka wa msiba ukitimia, tutapeleka ngano na divai makaburini, kisha kitambaa kitatoka kwenye redio. Njoo, Miodrag. Ndani ya gari hakujapigwa wimbo tangu nirekebishe nyaya, na mimi sina wimbo ninaoutaka. Wa kwanza uchague wewe.

Msalimie sana shangazi Rumena na mkeo Ankica. Baba anakusalimu. Bibi amekuombea Mungu akulinde barabarani, akaweka dole gumba lake hapa chini. Hilo doa jeusi ni masizi ya pilipili, usidhani barua imechafuka.

Anayekupenda daima, mdogo wako,

Neda