Beseni Lililovuka Mto

6 Mei

Mwanangu Daktari,

Nakusalimu kwa salamu za asubuhi na za jioni, uchague ile itakayokukuta ukiisoma barua hii. Hali yako? Kikohozi kimekuachia? Mimi mjomba wako ni mzima. Mgongo tu unanisumbua kwa kuinama juu ya viti vya magari ya watu. Barua hii namkabidhi dereva wako mkononi, maana umesema simu zako siku hizi zina masikio mengi.

Sasa kaa nikueleze. Jumamosi ulipotoka mkutanoni uwanjani kwetu ukapanda gari kuwahi mkutano wa mji wa pili, uliniacha nitoe shukrani kwa niaba ya familia. Hukufika hata barabara kubwa, wapambe wa Bwana Kiyoyozi wakashika kipaza sauti. Waziri huyo unayeshindana naye hapa mtaani tunamwita hivyo kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akiteremsha kioo cha gari lake. Wakasema wewe ni mtoto wa mayai, daktari wa ng'ombe wa matajiri, hujui dhiki, na chama hakiwezi kumpeleka mtu laini kugombea urais. Watu wakacheka. Walicheka, mwanangu, na mimi nimekaa pale mbele na suti yangu.

Zamu yangu ilipofika nikaziacha shukrani. Nikawaambia: "Huyo mnayemwita laini alizaliwa ng'ambo ya mto, nchi ya jirani, vita vinawaka. Mimi hapa nilimvusha kichwani ndani ya beseni la kufulia, maji yamenifika kidevuni, mamba wawili wananisindikiza kama askari, na mtoto hakulia."

Uwanja mzima ulisimama. Fundi redio, jirani yangu, ambaye hajawahi kuniamini hata nikimwambia saa ni ngapi, alivua kofia. Wapambe wa Kiyoyozi wenyewe walipiga makofi mpaka wakasahau kilichowaleta. Kura za maoni za huku kwetu zihesabu ziko mfukoni.

Ni mimi mjomba wako, mwenye sauti bado.

11 Mei

Mjomba wangu mpendwa, shikamoo.

Kikohozi kimepungua ila kimeondoka na sauti. Nikiongea nasikika kama mlango usiotiwa mafuta. Nakuombea mgongo utulie. Wasalimie wote hapo karakana.

Huku mbio hizi zimekuwa ngumu kuliko nilivyodhani. Ukumbi tulioahidiwa tunaukuta umefungwa, na mwenye ufunguo amesafiri. Mwenyekiti wa mkoa ananiita "dada yetu" mbele ya watu, nikigeuka anawauliza wajumbe kama mwanamke aliyeachika ndiye wa kuwapokea wageni wa taifa. Wajumbe walionishika mkono mwezi jana, leo wakiniona wanaanza kutafuta kitu mfukoni. Haya nayaweza. Nimewavuta ndama waliokataa kutoka, mikono imezoea kazi isiyotaka kwisha.

Lakini hilo la beseni limenitia baridi. Nilizaliwa chumba cha nyuma cha nyumba ya bibi, hapohapo ilipo karakana yako leo. Marehemu mama alinisimulia mara nyingi, na jinsi ulivyotumwa maji ya moto ukarudi na ndoo tupu kwa kuchanganyikiwa. Kuna mtu amekurekodi kwa simu. Najua ulitaka kunitetea, na nilipofika kwenye mamba nilicheka. Ila naomba iishie hapo. Usiirudie kwa mtu yeyote, hata kwa mteja.

Mpwa wako akupendaye.

18 Mei

Mwanangu Daktari,

Pokea heri kutoka kwa sisi tunaonuka gundi. Sauti imerudi? Tafuna tangawizi mbichi, usiogope kulia.

Nimepokea amri yako na nimeitii, tena sana. Walikuja watu wa mtaa wa juu kuniomba niwasimulie, nikawaambia nimekatazwa. Wakazidi kuniheshimu.

Sasa akaja kijana mmoja nadhifu na gari ambalo viti vyake havina hata mkwaruzo, akataka nivivishe upya. Nikajisemea, huyu ana pesa ya kuchezea au ana shida nyingine. Kumbe ni mtangazaji. Ametoka mbali, ananiita mzee wangu, ananiuliza kama mtu anayetaka kujua kweli, kidaftari kiko gotini. Unajua mimi lini nimeulizwa kitu na mtu aliyesoma, kama siyo bei ya sponji? Nikamwambia kidogo tu. Na nilikuwa mwangalifu: sikusema mamba wawili, nilisema mmoja.

Wameyarusha maneno yangu redioni asubuhi na jioni. Fundi redio aliweka redio zote za dukani kwake kwenye stesheni hiyohiyo, mtaa mzima ukawa unaongea kwa sauti yangu. Kiyoyozi ataipata wapi habari ya namna hii? Yeye alizaliwa hospitali, amefunikwa shuka.

Mjomba wako, anayekupigania huku nyuma.

25 Mei

Mjomba, shikamoo.

Nakutakia uzima. Mimi niko, ila silali vizuri.

Watu wa Kiyoyozi wameweka pingamizi kwenye kamati ya uchujaji ya chama. Anayegombea urais lazima awe amezaliwa ndani ya nchi. Wamepeleka maneno yako ya uwanjani na ya redioni, hawakuongeza hata neno moja la kwao.

Utaniuliza, cheti cha kuzaliwa kiko wapi? Kipo. Lakini nilizaliwa nyumbani, kwa hiyo kilitolewa nilipokuwa naanza shule, na aliyeapa kuwa nilizaliwa hapo ni wewe. Sasa kamati inasema aliyeapa vile ndiye huyuhuyu anayesema alinivusha mto. Wamwamini yupi, wa wakati ule au wa leo? Bibi hayupo, mama hayupo, mkunga hayupo. Umebaki wewe.

Watakuita mbele yao tarehe 3 Juni. Mjomba, sihitaji hotuba wala usinitetee. Simama, useme hivi: "Ile ilikuwa hadithi, mtoto alizaliwa nyumbani kwetu." Kisha ukae. Kazi yangu yote, miaka yangu yote ya kuzunguka vijijini na begi la dawa kabla sijawa mbunge, vyote vimesimama juu ya sentensi hiyo. Nakuomba kama ambavyo mama angekuomba.

Mpwa wako.

29 Mei

Mwanangu,

Salamu zako nimezipokea, na uzito wake nimeupokea pia. Mgongo nimeusahau, siku hizi kinachouma ni kichwa.

Nitasema. Nimeshaifanyia mazoezi mbele ya kioo cha gari la mteja, na inatoka vizuri kama nikiwa peke yangu. Ila na wewe nisikilize kidogo. Kalamu iliyokuwepo nyumbani ilikuwa moja, akapewa mama yako, mimi nikapewa sindano ya magunia. Sikuona kinyongo. Lakini tangu hapo sikuwahi kuingia mahali watu wakanyamaza kunisikiliza, isipokuwa nikiwa na hadithi. Jumamosi ile walisimama, Daktari. Watu wazima. Mpaka leo nikipita wananipisha njia. Sasa unataka niende mjini, mbele ya wenye tai, nijiite mwongo, na nirudi kuishi na watu walewale.

Basi nitasema. Nimeshalisema neno, sirudi nyuma. Suti iko kwa dobi. Wewe lala.

Mjomba wako.

5 Juni

Mwanangu Daktari,

Natumaini umefika nyumbani salama. Ulitoka haraka, nikakuita pale ngazini, nadhani kelele zilikuwa nyingi hukusikia.

Nakuandikia ili upate mambo yalivyokuwa upande wangu, kwa maana kutoka ulipokaa huenda hukuona sawasawa. Niliingia na sentensi yako mdomoni, naapa. Niliishika kama mtu anavyoshika misumari kwa midomo wakati anagonga. Nikaona ile meza ndefu, chupa za maji, na viti vya wakubwa vimepasuka migongoni, sponji liko nje. Nikajisemea, hawa nao ni watu tu, hata viti vyao ni vya kushonwa.

Halafu akasimama yule wakili wa Kiyoyozi, kijana wa kumzaa. Nilidhani ataniuliza habari ya mto. Hakuuliza. Akatabasamu akasema, "Mzee, tusipotezeane muda. Wewe ni mwongo, sivyo? Mtaani kwako kila mtu anajua wewe ni mwongo. Kiri tu, twende tukale."

Nyuma yangu wakacheka. Nilimtambua Fundi redio kwa kicheko chake, kumbe walimletea gari aje kuangalia. Mwanangu, sentensi yako ilikuwa hapahapa kwenye ulimi, na ndiyo hasa aliyokuwa akiitaka, au mimi niliona hivyo. Nikamwambia, "Mimi si mwongo." Akasema, "Kwa hiyo ulivuka mto?" Nikasema nilivuka. Mwenyekiti wa kamati akauliza maji yalikuwa kiasi gani, nikamwonyesha kidevuni. Akauliza mtoto alizaliwa upande gani, na wakati huo nilikuwa nimeshafika katikati ya mto, ningerudije?

Nilikuona ukiangalia dirisha. Wakili wako naye aliinama akawa anafunga kamba za kiatu kisicho na kamba.

Lakini usikate tamaa. Niliongeza kwamba hata ndani ya beseni uso wako ulikuwa umeelekea nchi hii. Wengine waliguswa, niliwaona.

Niandikie.

Mjomba wako.

22 Juni

Mama,

U hali gani? Mimi nipo, riziki inaingia, siwezi kusema uongo.

Dereva wako hapiti tena huku, kwa hiyo barua hii naitia posta. Nimesikia redioni kwamba jina lako limekatwa na Kiyoyozi amepita bila kupingwa. Wamefanya vibaya. Nimelisema wazi mbele ya karakana yangu, nani ananiogopesha?

Na kama umesikia kwa watu, acha nikueleze mwenyewe. Watu wa Kiyoyozi walikuja kunialika kwenye sherehe yao ya ushindi niwasimulie ya beseni. Nilikataa. Wakarudi na mwenyekiti wa tawi, nikaona nikikataa tena ni utovu wa adabu. Nilikwenda kwa heshima tu. Walininyamazia ukumbi mzima. Sikukutaja kwa jina, nilisema mtoto fulani. Kiyoyozi mwenyewe alinipa mkono, na mkono wake ni wa baridi kama tulivyokuwa tukisema.

Kama umekasirika, nitukane kwa maandishi. Hata tusi nitalisoma kwa utulivu. Kimya ndicho siwezi kukishonea kitu.

Mjomba wako, ndugu wa mama yako.

9 Agosti

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni mzima. Natumaini nawe hujambo, na mgongo.

Nakuandikia ili usisikie kwa mtangazaji. Chama kimenifuta uanachama, na ubunge umekwenda nao. Nilidhani hapo ndipo mwisho wa mto wako, lakini maji yamezidi kuja. Asiye na haki ya kugombea kwa sababu ya alikozaliwa, wamesema, lazima pia aulizwe anakaa hapa kwa ruhusa ya nani. Wamechukua hati yangu ya kusafiria, kisha kitambulisho. Kila Jumatatu naripoti uhamiaji, nakaa kwenye benchi pamoja na watu waliokamatwa mpakani, na wao wananiuliza mimi nimetokea nchi gani. Kliniki yangu ya mifugo imefungwa, kwa kuwa leseni hupewa raia. Mwanangu wa kwanza ameitwa shuleni kueleza mama yake ni nani.

Sikuandikii hivi ili uje. Ungekuja ungewapa na mamba wa tatu, nami ningefukuzwa nchini huku watu wanapiga makofi.

Jumatatu hii alinihoji afisa mwanamke, kijana, mpole. Aliniita mama. Alisema faili langu linaweza kufungwa akipatikana mtu mzima mmoja wa familia aliyekuwepo siku nilipozaliwa, aje aseme alichokiona. Aliuliza kama yupo aliye hai. Aliweka kalamu chini akaniacha nifikiri, na nilifikiri kweli, mjomba, mpaka watu wa kwenye foleni wakaanza kuguna.

Nikamwambia waliokuwepo wote wameshakufa. Akaandika.

Binti wa marehemu dada yako.