Anayebaki Ukingoni

Melini, Machi 1944

Baba yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi, wewe na Shangazi Effie. Natumaini kifua kimekuacha upumue, na kwamba ile fulana ya sufu unaivaa, si kuitunza kabatini. Mimi ni mzima. Goti uliloniulizia nalo limepona, nitalirudia.

Tuliko siruhusiwi kusema, ila chai hupoa kabla haijafika mdomoni. Kikosi chetu cha ndege za kivita bado kinalinda meli za mizigo. Nami, tangu nianguke na ndege mwaka jana nikaumia goti, kazi yangu ni ileile: nasimama ukingoni mwa sitaha ya meli yetu, ambako ndege hutua, na vibao viwili mikononi, nikiwaelekeza wenzangu wanaotua. Inua, shusha, zima injini, au pita ujaribu tena. Pua ya ndege humziba rubani asiione meli vizuri, kwa hiyo hunitazama mimi. Dunstan Pike, mcheshi wetu, husema napunga mikono kama mama mkwe anayefukuza kuku jikoni.

Jumanne bahari ilichafuka vibaya. Wote walitua isipokuwa Dunstan. Nilimkataza mara ya kwanza, nikamkataza tena, na petroli ilikuwa inamwishia. Moyo uliniambia nimwache atue, basi, lakini sitaha ilikuwa bado inapanda na mawimbi. Mara ya tatu ikatulia kidogo, nikamshusha, kulabu ya ndege ikanasa waya wa kuisimamisha. Alishuka, akanishika mabega, akasema, "We mfukuza kuku, ile mara ya pili nimekutukana wewe na ukoo wako mzima. Nisamehe." Nikamwambia ukoo umesikia. Kisha tukalia wote wawili, wala sikuona haya.

Kesho yake kamanda akaniita. Akasema daktari ameniruhusu kuruka, na ndege yangu ipo tayari. Baba, nimekataa. Si goti, wala si woga, ingawa woga ninao kama kila mtu. Nimeomba nibaki na vibao vyangu, naye amekubali.

Najua neno hili litakuchoma. Miaka yote umekaa kwenye kibanda cha ishara pale stesheni, ukishika bendera ili treni za wengine zipite. Siku niliyofuzu urubani ulisema, "Leo na wa kwetu anapita," ukawatangazia watu wote kanisani. Neno lile limeniuma sana kabla ya kushika kalamu. Lakini nilipokuwa mdogo niliamini kwamba wewe ndiye unayewafikisha abiria makwao. Mpaka leo naamini hivyo.

Ukikasirika, niandikie hivyohivyo. Hasira yako nitaisoma kwa furaha zaidi kuliko kimya chako. Msalimie Shangazi, mwambie keki yake ilifika imevunjika na ikaliwa mpaka chembe ya mwisho. Huku upepo ni mkali, nami nasimama kama ulivyonifundisha, miguu nimeitanua, na siondoki mpaka wa mwisho awe ameingia.

Ni mimi mwanao,
Ranald