Mwanamke Niliyemfuta Ukutani

S.L.P. 41,
Boito.
9 Machi 2025

Mpendwa wifi yangu Rodah,

Chamgei? Baridi ya huko Kanada imekuachaje? Na miguu, bado inavimba ukitoka kazini? Sisi tuko wima kwa neema ya Mungu. Kaka yako Kipkorir amepona kikohozi, na mvua imerudi, majani chai yanachipuka mpaka mikono inachoka kuchuma.

Naandika kwa kalamu kwa sababu kwa simu ningeanza kujisifu tena.

Ile picha ya ukuta wa ukumbi wetu wa akina mama niliyokutumia, uliyosema utaionyesha kanisani kwenu, ni kazi ya Chemutai kweli. Konoin nzima hakuna mkono kama wa mtoto wangu, na hapo sidanganyi. Pasta aliiangalia mpaka chai yake ikapoa. Lakini Rodah, haiko vile alivyoichora.

Wewe umeona msichana daktari, zahanati mpya na stima. Upande wa kushoto alikuwa amemchora Bochaberi, yule jirani yetu aliyechuma chai kwa shamba kubwa la kampuni miaka kumi na tisa mpaka mashine ya kuchuma ikaletwa. Alimchora ameketi mlangoni, kikapu kitupu magotini, anakuangalia usoni.

Nilimwambia amtoe. Wageni walikuwa wanakuja kufungua ukumbi, na mimi nimechoka na watu wanaotuchora tukilia tu, kama Afrika ni matanga ya kila siku. Akanijibu, "Mama, ndio maana nimechora daktari. Lakini nikimwacha daktari peke yake, hiyo ni tangazo." Nikamwambia hata majani chai tunachambua kabla ya kupima, yale magumu tunatupa. Akacheka, akaenda kukama ng'ombe.

Nikachukua rangi nyeupe iliyobaki, nikampaka Bochaberi kutoka kichwa hadi viatu.

Siku ya sherehe Bochaberi akaja na nguo yake ya Krismasi, apigwe picha kando ya sura yake. Akasimama mbele ya ule weupe. Mimi nikajifanya napanga viti. Akanifuata, akasema polepole, "Mama Chemutai, kampuni ilinifuta kazi. Na wewe tena umenifuta kwa ukuta?" Watu wakacheka wakidhani ni utani. Yeye hakucheka.

Nilimwomba Chemutai amrudishe. Alijaribu mara mbili, sura ikakataa. Anasema lazima Bochaberi mwenyewe aketi tena. Na Bochaberi alirudi kwao Nyamira mwezi uliopita. Hakuniaga, mimi niliyeombana naye chumvi miaka yote hiyo.

Chemutai haninunii, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Ananipikia, ananiita mama vizuri, lakini brashi zake amezifunga kwa gazeti akaziweka juu ya kabati.

Nisalimie shemeji Kipruto na Vinny wangu, ambaye nasikia anaongea Kiingereza cha puani. Nelvine na watu wote wa Siongiroi wanawakumbuka. Mungu awatie joto mahali jua halifiki.

Ombi langu ni moja. Ukiwaonyesha picha hao watu wa kanisa, usiwaambie wifi yako ndiye mama wa msanii. Weka kidole pale kwa weupe, uwaambie hapo ameketi mwanamke anaitwa Bochaberi, na aliyemfuta ni mimi.

Ni mimi wifi yako, ninayekupenda bila kupunguza,
Rebeccah, Mama Chemutai